Vifaa vya barafu: maswali ninayoulizwa na wauza juisi, wenye migahawa na wenye shughuli

Natengeneza juisi na kuhudumia vinywaji kwenye shughuli hapa Dar es Salaam, na vyombo vya barafu navikodisha pia. Maswali haya ndiyo ninayopigiwa simu kila wiki, mengine usiku wa kuamkia harusi, mama wa bibi harusi akiwa hoi. Nimeyaweka hapa ili nami nipate kulala. Ninaposema barafu simaanishi zile za ubuyu na ukwaju wanazouziwa watoto kwenye vijifuko. Zile hazitaki chombo, zinataka meno tu. Hapa ni barafu ya maji, ile inayoingia kwenye glasi ya mgeni au kwenye beseni la soda.

Kuchota barafu kwa mkono kuna kosa gani? Si nimenawa?

Ulinawa saa ngapi? Mwangalie mhudumu wako kwa dakika tano tu. Kapokea noti, kapangusa meza, kajibu simu, kajifuta jasho, karudi kuchota barafu. Wali ulioguswa waweza kurudishwa motoni. Barafu haina moto wa pili: kutoka kwenye kiganja inakwenda glasini, inayeyuka, na kilichokuwa kiganjani kinanyweka. Ichukulie kama mkate uliokwisha okwa.

Lipo na jambo dogo la maumivu. Barafu iliyotoka sasa hivi kwenye friza kali hunata kwenye vidole vilivyolowa, na ukivuta kwa nguvu ngozi inabaki huko.

Lakini baridi si inaua vijidudu?

Hapana, na hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyokutana nayo. Baridi huwafanya vijidudu walale, na wengi huamka barafu ikiyeyuka. Maabara zenyewe huhifadhi bakteria kwa kuwagandisha, kwa hiyo usitegemee friza ikufanyie kazi ya jiko. Maji ambayo hungeyanywa, usiyagandishe kwa ajili ya kinywaji. Chemsha, yapoe kwenye chombo kilichofunikwa, ndipo ujaze trei. Msimu wa kipindupindu, muuza juisi anayechemsha maji ya juisi kisha akatia barafu ya maji ya bomba amejisumbua bure.

Naanza biashara ya juisi. Ninunue nini kwanza?

Kichoteo kimoja kizuri, deli mbili na koleo moja la kubania vipande. Basi. Ndoo za kung'aa, mashine za kusagia na madoido mengine yatakuja pesa ikiingia.

Kichoteo ni kile chombo mfano wa pauro ndogo au kata, chenye mdomo mpana na mpini. Deli ni lile sanduku lenye kuta nene za kutunza baridi. Nasema mbili kwa sababu moja ni ya barafu inayoliwa, na nyingine ni ya kupozea chupa. Zikichanganyika umeharibu. Chupa ya soda imetoka kwenye kreti, kreti limetoka kwenye gari, gari limetoka stoo yenye panya. Maji yaliyomo kwenye deli ya chupa yamesafisha vyote hivyo. Barafu iliyozunguka chupa haipandi glasini hata ikionekana safi namna gani. Andika kwa rangi juu ya mfuniko: KUNYWA, na nyingine CHUPA. Wahudumu wa kuokoteza siku ya shughuli hawana muda wa kukumbuka maelezo yako ya asubuhi.

Koleo au kichoteo, kipi bora?

Inategemea nani anachota. Kichoteo ni cha kaunta: mhudumu mmoja, glasi hamsini, hana muda wa kudonoa kipande kimoja kimoja. Koleo ni la mezani, mgeni anajihudumia mwenyewe, anatia viwili au vitatu anavyotaka. Ukimpa mgeni kichoteo, wa kwanza anamwaga nusu ya ndoo na wa nyuma anakuta maji.

Koleo zuri lina meno au makucha kwenye ncha. Lile lenye ncha bapa kama la kugeuzia keki linapendeza dukani, lakini kipande kikianza kuyeyuka kinateleza, kinaruka, kinaangukia kwenye kanzu ya mjomba. Lijaribu kabla ya kununua: libane mara kumi mfululizo. Kama springi ni ngumu hadi kidole gumba kinauma, mgeni wa tatu ataliweka kando na kuingiza mkono.

Kwa nini unakataza kuchota kwa glasi? Ni haraka zaidi.

Kweli ni haraka, hadi siku inapomeguka. Kipande cha kioo ndani ya barafu hakionekani. Huwezi kukitafuta kwa macho, wala kwa mkono. Glasi iliyotoka kuoshwa kwa maji ya moto ikizamishwa kwenye barafu hupata mshtuko wa joto, na ufa mdogo uliokuwa ukingoni unamaliza safari yake hapo hapo.

Ikishatokea je? Glasi imevunjikia kwenye deli na wageni wako mezani.

Mwaga barafu yote. Yote, narudia, na si ile ya juu tu. Kabla hujaanza kumwaga, imwagie kwanza juisi ya rozela au soda yoyote nyekundu ili ibadilike rangi. Wahudumu wa baa wana desturi hiyo ya kutia rangi, na sababu yake ni ya maana. Wewe utakwenda kutafuta beseni na glovu, na nyuma yako atakuja mhudumu asiyejua kilichotokea. Akikuta barafu nyekundu atasita. Akikuta nyeupe atachota. Baada ya hapo yeyusha mabaki kwa maji, suuza deli mara mbili, pangusa kuta na pembe kwa karatasi uitupe, ndipo ujaze upya.

Niliwahi kumwaga kilo zipatazo thelathini saa mbili usiku kwenye shughuli ya watu wazito. Niliumia. Barafu ya akiba ilitoka kwa muuza samaki wa jirani, na ilinibidi niitumie kwa chupa pekee. Tulihudumia juisi bila barafu hadi ilipoletwa nyingine.

Hiyo barafu ya samaki ina ubaya gani? Si maji yale yale?

Huenda yakawa yale yale, lakini njia si ile ile. Pale Feri, kwenye soko la samaki, pande la barafu linaburutwa sakafuni, linapasuliwa kwa shoka juu ya gunia, linabebwa na tololi lililobeba samaki asubuhi. Kwa samaki hilo ni sawa, maana samaki ataoshwa na kupikwa. Na samaki anaihitaji kwelikweli: katika joto la pwani kanuni inayofundishwa ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ila glasini hapana. Ukilazimika kununua barafu ya vinywaji, nunua iliyofungwa kwenye mfuko na kutengenezwa kwa ajili ya kunywa, na muulize muuzaji bila aibu maji anatoa wapi.

Kichoteo nikiweke wapi nikimaliza kuchota?

Nje ya barafu. Najua ni kawaida kukichomeka humo humo, na mpini ukizama nusu hakuna anayeona ubaya. Lakini mpini ndio ulioshikwa na mikono yote ya siku nzima, na sasa umelala kwenye chakula. Mhudumu anayefuata ataingiza vidole kuutafuta. Kiweke kwenye kopo safi, mdomo ukiangalia chini, au kitundike kwenye msumari ubavuni mwa deli. Kopo lenyewe lioshwe kila siku. Nimeona makopo yenye ute chini, kichoteo kikilala humo kama kiboko kwenye tope.

Cha stenlesi, alumini au plastiki?

Stenlesi ukiweza: haishiki kutu wala harufu, inavumilia maji ya moto. Alumini ni nyepesi na nafuu, ndiyo iliyojaa madukani Kariakoo, ila dawa ya klorini huitia madoa, na ukiacha ndimu au ukwaju juu yake hupauka. Plastiki ngumu inafaa kwa sababu haikwaruzi kuta za deli, lakini ikianza kuchanika ukingoni itupe siku hiyo hiyo, maana kipande cha plastiki nyeupe ndani ya barafu ni kama kile cha kioo, hukioni. Bati usiliguse, kutu haichelewi.

Ndoo ya barafu ya mezani inajaa maji baada ya nusu saa. Nimeuziwa mbovu?

Huenda umeuziwa ndoo ya ukuta mmoja. Igonge ubavuni kwa ukucha. Yenye kuta mbili hutoa sauti nzito kidogo, na ukiijaza barafu haitoki jasho kwa nje. Ya ukuta mmoja hutoka jasho hadi kitambaa cha meza kinalowa.

Ya pili ni chujio. Ndoo nzuri huwa na sahani yenye matundu chini, barafu inakaa juu na maji yanashuka. Kama yako haina, funika bakuli dogo la stenlesi ndani ya ndoo, chini kabisa, kitako juu, utapata karibu faida ile ile. Barafu iliyolala ndani ya maji yake huisha haraka, na inapoingia kwenye juisi inakuja na maji ambayo mgeni hakuyaomba. Na mfuniko! Watu hununua ndoo yenye mfuniko kisha huuweka uvunguni kwa sababu "unazuia picha".

Nina pande kubwa la barafu. Nalipasuaje bila kuua mtu?

Kwanza liache nje ya friza robo saa hivi, hadi ukungu mweupe wa juu upotee na lianze kung'aa. Pande lililo baridi mno hupasuka ovyo na kurusha vipande.

Chombo chake ni msumari wa barafu: chuma chembamba chenye ncha, mpini wa mti, mfano wa msharasi wa fundi viatu ila mrefu zaidi. Upo pia wenye ncha tatu, na kwa anayeanza huo ni rahisi kuutawala. Laza pande juu ya taulo safi ndani ya sinia lenye kingo. Chora mstari unakotaka likatike kwa kudunga vitundu vifupi, kimoja kando ya kingine, kuzunguka pande zote. Usipige kwa hasira. Ukisharudia mstari mara mbili, pigo moja la wastani katikati na pande linaachana kama muhogo uliochemka. Mkono wa pili usikae kamwe mbele ya ncha. Ushike pande kwa nyuma, ukiwa umeuvisha glovu nene. Ncha ichomekwe kwenye kizibo cha chupa ukimaliza.

Shoka na panga vinafanya kazi, lakini vinapoteza sana. Robo ya pande inakwenda sakafuni ikiwa unga.

(Kwa wapenda historia: husemwa kwamba Leon Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi, aliuawa kwa msumari wa barafu, Mexico, mwaka 1940. Ilikuwa sururu ndogo ya wapanda milima ya theluji, chombo kingine kabisa. Msumari wa barafu umebeba lawama isiyo yake.)

Barafu ya kusagwa naipataje? Blenda yangu inaunguruma tu.

Blenda ndogo ya nyumbani haikuumbwa kwa barafu kavu. Tia maji au juisi kidogo, vipande vichache, bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Ukiiacha ikizunguka mfululizo, chini inakuwa uji na juu vipande vizima, halafu mota inanuka.

Njia ninayoipenda haina umeme. Chukua mfuko wa turubai nzito ya pamba, mpya, uliofuliwa bila sabuni yenye manukato. Jaza barafu nusu, kunja mdomo, twanga kwa mchi au nyundo ya mti. Kitambaa kinanyonya maji, na barafu inatoka kavu, haiigeuzi juisi ya miwa kuwa maji ya miwa. Mfuko wa plastiki hauna faida hiyo na hutoboka. Mchi uwe wa kazi hiyo tu. Uliotwangia kitunguu saumu utawaambia wageni wote.

Na kijiko cha aiskrimu, kile chenye kitufe, kinafaa kuchotea barafu?

Hakifai, utavunja ule wembe wa ndani. Kilibuniwa kwa kitu laini kinachonata. Alfred Cralle, Mmarekani mweusi wa Pittsburgh, alipata hataza yake (hati ya haki ya ubunifu) mwaka 1897 baada ya kuona aiskrimu ikinata kwenye vijiko na kuwataka wahudumu watumie mikono miwili. Barafu hainati hivyo.

Barafu yangu ni nyeupe katikati, ya hotelini inang'aa kama kioo. Wanatia nini?

Hawatii kitu. Weupe ule ni hewa na chumvichumvi za maji. Kwenye trei yako baridi inaingia kutoka pande zote, ganda linaanza nje, hewa inasukumwa ndani hadi inakosa pa kukimbilia. Mashine nyingi za hoteli hugandisha kutoka upande mmoja huku maji yakitiririka, hewa inaondoka.

Nyumbani weka deli ndogo isiyo na mfuniko ndani ya friza, imejaa maji. Kuta nene zinazuia baridi, kwa hiyo maji yanaganda kuanzia juu kushuka. Itoe baada ya siku moja hivi, kabla chini hakujaganda. Sehemu ya juu itakuwa angavu, ya chini utaikata kwa msumari. Kuchemsha maji peke yake husaidia kidogo sana kwa rangi. Chemsha kwa usalama, si kwa urembo.

Vipande vinashikana kuwa bonge moja. Nifanyeje?

Uso wa kipande ukilowa kisha ukarudi kwenye baridi, unajishona na wa jirani. Kwa hiyo usiviache nje na kuvirudisha. Vikitoka kwenye trei, vitandaze kwenye sinia lililopoa ndani ya friza kwa nusu saa, ndipo uvifunge mfukoni. Na friza inayofunguliwa kila dakika na watoto haitakusaidia kwa lolote.

Watu 100, harusi ya mchana. Kilo ngapi?

Hili ndilo swali la usiku wa manane. Nitakuonyesha hesabu ili usinitegemee mimi.

Gramu moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la takribani jouli 334. Kupoza gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ni jouli 4.2 hivi. Glasi ya juisi ya mililita 250 iliyo na nyuzi 30, ukitaka ishuke hadi 5, inakula barafu ya gramu 70 hadi 75, sawa na vipande vitatu au vinne vya trei ya kawaida. Glasi tatu kwa kila mgeni ni zaidi ya kilo 20 kwa watu 100. Ongeza inayoyeyukia kwenye ndoo na inayoanguka: 30.

Chupa za soda ni hesabu ya pembeni. Chupa 200 za kioo zilizo moto zinayeyusha barafu ya kilo 25 hivi kabla hazijafika baridi ya kunyweka, na hapo jua halijala sehemu yake. Weka 40. Jumla 70.

Sasa ona hila iliyomo humo. Juisi ikilala friji usiku mzima, ile barafu ya glasi inapungua zaidi ya nusu, na juisi haichujuki. Nafasi ya friji ni nafuu kuliko barafu.

Wageni wako getini, soda ziko moto!

Beseni, barafu, maji, chumvi. Maji ndiyo wanayoyasahau. Barafu tupu inagusa chupa hapa na pale, katikati ni hewa. Maji yanaikumbatia chupa nzima. Chumvi hushusha baridi chini ya sifuri. Mchanganyiko uliokamilika waweza kufika karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa beseni lako halitafika huko. Zungusha chupa kwa mkono, na kwa robo saa utakuwa na kitu cha kumpa mgeni. Usizisahau humo, soda ikiganda kioo kinapasuka. Futa mdomo wa chupa kabla ya kufungua, vinginevyo mgeni anaonja chumvi. Beseni hilo halitoi barafu ya glasi, lakini hilo sasa unalijua.

Umeme ukikatika barafu itakaa muda gani?

Inategemea ukubwa wa bonge na unene wa kuta kuliko kitu kingine. Bonge kubwa hudumu kuliko vipande vya uzito ule ule, kwa kuwa uso unaogusa hewa ni mdogo. Funga friza usiifungue. Mapande yaliyo nje yafunge kwenye plastiki safi kisha uyazike kwenye vumbi la mbao au pumba za mpunga.

Si ushamba huo. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany ilitoka Boston, Marekani, na tani 180 za barafu ya asili, mali ya mfanyabiashara Frederic Tudor na wenzake. Ilivuka ikweta mara mbili, ikafika Calcutta, India, baada ya miezi minne na takribani tani 100 zikiwa bado barafu. Hakukuwa na mashine yoyote, ni mbao, kinga kavu ya aina hiyo na ubanaji mzuri tu. Nawe unaniambia deli haikai hadi saa kumi? Imefungwa vizuri?

Navisafisha na nini?

Maji ya moto na sabuni, suuza, kisha dawa ya klorini. Kama chupa ya dawa imeandikwa asilimia 3.5 na haina manukato, mililita 3 kwa lita moja ya maji zinatosha. Loweka dakika chache, acha vikauke kwa hewa, usivipanguse kwa kitambaa cha jikoni. Deli hukaushwa mfuniko ukiwa wazi. Ikifungwa mbichi inanuka kwapa.

Barafu kavu ya kutoa moshi mezani unayo?

Sina, na siileti. Ile ni hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, ina nyuzi 78 chini ya sifuri, inaunguza ngozi na koo. Ndani ya chombo kilichofungwa hulipuka, na kwenye chumba kidogo hufukuza hewa ya kupumua. Ukumbi wenye watoto wanaochungulia kila sufuria si mahali pake.

Naweza kukodi koleo tu, bila ndoo?

Unaweza. Ila lirudi bila harufu ya mishkaki. Mara tatu mwaka huu limerudi na masizi, na kila mmoja ananiapia lilikuwa hivyo tangu nilipompa.